Bia ya Sendofu ya Neema na Safari Yetu ya Tunduma

Marahaba, wanangu, marahaba. Nyote mliopita barazani kwangu hapa Magomeni na kuniuliza lile swali lenu nimewasikia, na kwa kuwa siwezi kulijibu upya kila geti linapogongwa, nimeamua kuliandika. Swali ni hili: je, inalipa kwenda mpakani kununua pombe na sigara za bei rahisi? Mmoja wenu alinionyesha kwenye simu kundi la watu wanaochangishana wakodi gari, waende Tunduma, wavuke upande wa pili, warudi na mzigo. Akaniambia, "Mama, kule ni bwerere!"

Bwerere. Neno hilo nimelisikia Kariakoo tangu nikiwa msichana mwenye kiuno mpaka nimekuwa bibi mwenye magoti. Nilikuwa na duka la vinywaji la jumla Mtaa wa Narung'ombe, na kazi yangu kubwa ilikuwa sherehe: harusi, sendofu, ubarikio, kipaimara, hata arobaini ya wenye uwezo. Nilizaliwa Rombo na nikabatizwa Ndeanasia, lakini mjini wote waliniita Mama Vinywaji, na wapo wanaonisalimia hivyo hadi leo kwenye ngazi za kanisa huku mchungaji anasikia. Nimestaafu sasa, duka nimemwachia binti yangu, na mimi kazi yangu ni kukaa na kuulizwa maswali.

Jibu langu ni kwamba nilienda, tena mpaka ng'ambo, na safari ililipa. Ila haikulipa kwa kile tulichokifuata. Mnaocheka chekeni kwanza, halafu someni.

Nianze na sigara, maana habari yake ni fupi. Pale mbele ya duka langu alikuwa na meza kijana mmoja wa Mtwara, Athumani, anauza vocha, pipi na sigara moja moja. Wateja wake walikuwa wabeba mizigo wa sokoni, watu wanaonunua sigara moja, wanavuta nusu, nusu wanaiweka sikioni kwa ajili ya baadaye. Siku moja Athumani akapata wazo kama lenu. Akaenda mpakani, akanunua sigara za huko kwa bei ya kuchekesha, akazipakia kwenye buti la basi na kurudi anapiga mluzi.

Asichokijua ni kwamba majirani wa mzigo wake kwenye buti walikuwa magunia ya dagaa wakavu. Tumbaku, wanangu, ni kitu chenye wivu. Hunyonya harufu ya chochote kilicho jirani yake: sabuni, mafuta ya taa, samaki, chochote. Mteja wa kwanza alivuta pafu moja, akaitoa sigara mdomoni, akaitazama.

"Kaka Athu," akasema, "hii sigara ina kitoweo."

Basi ikawa ndiyo habari ya mtaa. Watu wakawa wanapita na sahani za ugali na kumwomba Athumani moshi kidogo. Maduka mengine hayakutaka hata kuzigusa, kwa sababu pakiti hazikuwa na stempu ya kodi ya hapa kwetu. Mwisho alizivuta mwenyewe, na mkewe akawa anamuuliza kila jioni anakula wapi samaki bila kumletea nyumbani. Athumani sasa ana duka lake zuri Buguruni, lakini akisimama mbele yangu namuuliza kama chakula kiko tayari, na anacheka mpaka anashika ukuta.

Hiyo ndiyo sigara. Sasa bia.

Kazi ya bia sikufundishwa na mnywaji. Nilifundishwa na Bi Somoe, mama wa Kiislamu kutoka Kilwa, aliyekuwa anauza soda na barafu mlango wa pili kutoka kwangu. Bi Somoe hakuwahi kuonja pombe maishani mwake. Akipita karibu na kreti zangu alikuwa anainua pindo la baibui lisiguse. Lakini aliniona nilipoanza, msichana mgeni mjini, nimejaza friza bia mpaka juu na kuifunga kwa matumaini, na asubuhi akaniona nazoa vioo vya chupa zilizoganda zikapasuka. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"We Mchaga," akasema, "mimi pombe siijui na Mungu anisaidie nisiijue. Lakini baridi naijua. Njoo huku."

Akaniweka mbele ya pipa. Akaniambia barafu tupu inapoza ubavu mmoja tu wa chupa, ule unaoigusa. Ukitia maji, ubaridi unaizunguka chupa yote. Ukitia chumvi ya mawe ukakoroga, hapo chupa inapoa upesi kuliko ndani ya friza, na usiposimama nayo itaganda. Chini ya pipa unaweka maranda ya mbao, juu unafunika gunia lililoloana. Nimeyatumia hayo maisha yangu yote ya kazi. Mashine zimekuja nyingi, za milango ya kioo na taa za bluu, na umeme ukikatika zote zinakuwa makabati.

Somo la pili la Bi Somoe ndilo lililonijengea nyumba hii. Alikuwa anasema, "Kisichofunguliwa hurudi." Mtu mwenye sherehe alikuwa anachukua kwake soda nyingi kuliko anazohitaji, na baada ya sherehe anarudisha zilizobaki na vizibo vyake, analipia zilizofunguliwa tu. Mwanzoni niliona ni ujinga wa biashara. Akanieleza taratibu kwamba mteja anayeogopa kubakiwa atachukua chache, zitaisha katikati ya sherehe, na lawama atanipa mimi. Mteja asiyeogopa atachukua za kutosha, wageni watakunywa wamwombee baraka, na mwaka unaofuata atakuja na dada yake. Nikalichukua somo hilo, nikalihamishia kwenye bia, na mtaa mzima wa Narung'ombe ukanifuata.

Na jambo jingine ambalo vijana hamlijui kwa kuwa mmezoea kunywa mkiwa mmesimama. Mtu mzima wa kwetu ana bia yake kama alivyo na jina lake la ubatizo. Humwambii mzee anayekunywa ya lebo ya njano kwamba leo iko ya kijani. Na ukishampata yake, bado hujamaliza, lazima umuulize, "Ya moto au ya baridi?" Wapo wanaokunywa ya moto, ya kabatini, kwa sababu ya kifua au kwa sababu ya ubishi. Ukimpa baridi anayetaka moto umemtukana. Hayo yote yawekeni akilini, maana sasa ndipo tunaingia kwenye sendofu.

Rafiki yangu mkubwa katika mji huu ni Mama Neema. Ni muuguzi mstaafu, tulikutana kwaya ya akina mama hapa Magomeni. Mumewe alifariki Neema akiwa bado shule ya msingi, na huyu mama akamlea peke yake, akamsomesha, hadi binti akapata mchumba. Kabla ya harusi sisi tunafanya sendofu. Ni sherehe ya nyumba ya binti, ya kumuaga, na wakwe wanakuja kama wageni. Macho yote siku hiyo yanaitazama nyumba ya binti: wamekaaje, wamepikaje, wamenyweshaje. Wakwe wenyewe walikuwa watu wa Machame, na mnajua sisi wa Rombo tunavyotaniana nao. Utani una meno.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa baba mdogo wa Neema, Tesha, mdogo wa marehemu baba yake. Ana duka la vipuri vya magari Gerezani. Namwita shemeji. Ni mtu mkarimu, mwenye sauti kubwa, na akiamini jambo analiamini na mwili mzima. Kwenye kikao cha kamati, pale Ilala, ilipofika zamu ya vinywaji nikajua ni yangu, kama kawaida. Tesha akasimama.

"Jamani, Kariakoo tunaliwa! Samahani Mama Vinywaji, sikusemi wewe, nasema Kariakoo. Mteja wangu mmoja ametoka Nakonde juzi, ng'ambo ya Tunduma. Bia ya kopo kule, mvinyo, vinywaji vikali, hata sigara, ni kama wanagawa! Nachukua Canter, naenda, narudi na mzigo wa kuzamisha Machame yote."

Watu wakapiga makofi. Mimi nikasema nendeni salama, nikanywa chai yangu. Sitawadanganya, niliumia. Kesho yake mzigo niliokuwa nimeutenga nikautoa kwa harusi nyingine ya Upanga.

Jioni hiyo Mama Neema akanifuata nyumbani. Hakukaa hata kitini.

"Shoga yangu, nenda naye."

"Niende wapi? Mimi si nimeambiwa nakula watu?"

"Hujaambiwa wewe. Nenda naye, nakuomba. Tesha anataka kumfanyia kaka yake, na mimi siwezi kumkatalia mbele za watu, yeye ndiye amebaki upande wa baba. Lakini vinywaji vikiharibika, aibu si yake. Nimekaa miaka yote hii nikisikia watu wakinong'ona. Sitaki wakwe warudi kwao waseme nyumba ile haina baba."

Alisema hivyo huku ameshika kitasa cha mlango, na mimi nilikuwa najua amelia kabla hajaja. Basi ningefanyaje? Nikafunga kanga zangu mbili na sweta, nikapanda Canter.

Njiani Tesha aliimba. Aliimba Morogoro, akaimba Mikumi, kwenye mlima wa Kitonga akanyamaza kidogo akasali, Iringa akaendelea. Tulipofika Tunduma nilielewa kwa nini watu wanachanganyikiwa pale. Mji umegawanywa na mpaka lakini watu ni wale wale. Ukivua kandambili upande huu unaweza kuivalia upande wa pili, umeshafika Zambia, Nakonde. Tukagonga pasipoti zetu, tukavuka, tukaingia duka la mama mmoja aitwaye Mama Mutale. Mnene, mchangamfu, Kiswahili kinamtoka kama mtu wa Mbeya.

Na bei zilikuwa nzuri kweli. Nasema haki. Nilisimama pale nikitafuta kosa nisilione. Tesha alinitazama kwa furaha kama mtoto aliyekuonyesha jino lililong'oka.

"Sema sasa, shemeji. Sema!"

"Bei nzuri," nikasema. "Lakini hizi lebo wazee wetu hawazijui. Na zikibaki?"

"Shemeji, wewe umewahi kuona wapi bia imebaki kwenye sendofu ya Wachaga?"

Nimeona mara nyingi, ndiyo maisha yangu. Lakini alikuwa ameshalipa. Mama Mutale akaita vijana wa matoroli, katoni zikapangwa, tukaanza kurudi kuelekea forodha, Tesha ametangulia kama mkuu wa bendi.

Forodhani alikuwepo dada mmoja aliyevaa miwani, mpole sana. Akayatazama matoroli, akamtazama Tesha.

"Shikamoo baba. Hizi ni za baa?"

"Marahaba mwanangu. Hapana! Za familia. Matumizi binafsi. Sendofu ya binti yetu."

"Hongereni sana. Sasa baba, hao wageni wote watapita hapa, kila mmoja na chupa yake?"

Tesha akageuka kuyatazama matoroli. Dada yule akatueleza bila kejeli wala haraka. Kidogo cha mtu binafsi kinapita. Mzigo wa kujaza gari ni mzigo, unatozwa ushuru wa pombe, ushuru wa forodha na kodi nyingine zilizopo, na una taratibu zake kabla haujaingia mjini. Akaandika hesabu kwenye karatasi, akaigeuza tuione. Ukiongeza mafuta ya Canter, chakula, vitanda vya gesti na posho ya dereva, bia ya Nakonde ilikuwa imeipita kwa bei bia ya Narung'ombe. Tesha akakaa juu ya katoni yake mwenyewe katikati ya jua.

Wakati kama huo, wanangu, ndipo mtu huja. Hakosekani. Huyu wetu alikuwa na kofia ya sufu na joto lote lile. Akachuchumaa karibu na Tesha.

"Mzee, usihangaike na hawa. Kuna njia ya panya. Jioni tunavusha, unakuta mzigo uko kwenye gari lako."

Tesha akaniangalia. Nakumbuka macho yake, hayakuwa ya mtu mhalifu, yalikuwa ya mtu aliyemwahidi kaka yake aliye kaburini. Nikamwambia, "Shemeji, kwa hiyo mimi simo. Gari likikamatwa huko Chimala, Jumamosi Neema ataagwa kwa maji ya kandoro, na wewe utakuwa ndani. Hata limao la kukamulia hatutakuwa nalo."

Kandoro ni maji ya viroba mnayonunua stendi. Mtu wa kofia hakucheka. Tesha alicheka, kidogo, puani, na nikajua nimempata.

"Sasa tufanyeje, Mama Vinywaji?"

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Dar kuniita kwa jina la kazi. Nikamwambia asimame, katoni zote zigeuke, turudi kwa Mama Mutale.

Njia nzima ya kurudi dukani nilikuwa najiuliza nitamwambia nini. Hanijui, tumelipa kwa hiari, tumetoka mlangoni. Nikafika, nikamsalimia upya, nikamwambia ukweli wote, kisha nikasema, "Mama mwenzangu, mimi nimeuza vinywaji maisha yangu yote Kariakoo. Kwetu kisichofunguliwa hurudi. Tazama gundi za katoni."

Akazunguka toroli la kwanza, akapitisha kidole kwenye gundi. Akazunguka la pili. Halafu akacheka, cheko la tumboni.

"Na wewe ni wa kazi hii? Ungesema tangu asubuhi! Mimi mwenyewe nikija Kariakoo kuchukua vitenge wananirudishia visivyokatwa." Akakata ujira wa vijana wa matoroli na kitu kidogo cha usumbufu wake, fedha zilizobaki akamrudishia Tesha mkononi. Tukapeana namba. Mpaka leo akija mjini analala kwangu. Tesha alibakiza chupa moja tu ya wiski kwa matumizi yake, tukaionyesha kwa yule dada wa miwani, akatutakia sherehe njema.

Basi Canter tupu, na safari ndefu mbele. Mfanyabiashara wa Kariakoo ana ugonjwa mmoja, hawezi kuona gari linarudi tupu. Tulipofika Uyole, pale nje ya Mbeya, tukakuta soko la ndizi za Tukuyu, mikungu imelala chini kwa wingi usioelezeka. Mchele wa Kyela, viazi, maparachichi. Nikamwambia Tesha, "Shemeji, machalari ya sendofu yanapikwa na nini kama si ndizi?"

Hapo ndipo mlipaswa kumwona yule baba! Mtu aliyekuwa ameinama tangu Tunduma akanyooka. Kwenye ndizi Tesha hana mpinzani, amekulia mgombani. Alipiga makofi kwenye mikungu, akanusa, akakataa, akaondoka, akaitwa, akarudi. Alipomaliza, Canter ilikuwa imejaa na chakula cha sendofu yote kilikuwa kimepatikana kwa bei ambayo kamati haikuiota. Kile alichokiokoa kwenye ndizi na mchele ndicho kilicholipa safari, na chenji ikabaki. Ndiyo maana nawaambia ililipa. Mkienda Tunduma, nendeni kutembea, leteni chupa moja ya mezani, tena muionyeshe forodhani, halafu simameni Uyole mjaze gari ndizi. Na mkungu mmoja ni wangu.

Ila vinywaji bado hatukuwa navyo, na duka langu nilikuwa nimelimaliza kwa hasira, nikaupeleka mzigo Upanga. Nilianza kupiga simu tukiwa Makambako. Nilimpigia Massawe, nikampigia Hamisi wa soda, nikampigia mama wa mvinyo wa kona. Mtaa mzima wa Narung'ombe, washindani wangu wa kila siku, watu tunaonyang'anyana wateja mpaka tunanuniana. Kila mmoja nilimwambia maneno yale yale: sendofu ya Neema, Jumamosi, Ilala, za lebo zote, kisichofunguliwa hurudi Jumatatu. Hakuna aliyetaka hata senti ya kutanguliza. Massawe alisema tu, "Dada, mwanao ni mwanetu. Nikuwekee na za lebo ya zamani? Kuna babu fulani lazima ataziulizia." Nililia ndani ya Canter, na Tesha akajifanya anatazama milima.

Jumamosi ikafika na mambo yake. Kariakoo ilikuwa imefunga kwa foleni za msimu wa sikukuu, na kirikuu, vile vigari vya mizigo, zilizobeba kreti zetu zikakwama Msimbazi. Ukumbini umeme ukakatika mchana, na jenereta lilikuwa na nguvu ya taa na muziki tu. Mafriza yakawa makabati. Kreti ziliingia jua likiwa bado kali, chupa ukizishika ni kama zimetoka jikoni, na wakwe walikuwa wameshapiga simu kwamba wako Tabata.

Mama Neema alikuja nyuma ya ukumbi na gauni lake la kitenge cha dhahabu. Akashika chupa moja. Akairudisha kwenye kreti.

"Nenda kakae na wageni wako," nikamwambia. "Bi Somoe yuko hapa."

Na kweli alikuwepo. Nilikuwa nimemtumia bajaji. Bibi kizee yule amekaa kwenye kiti cha plastiki mbali hatua kadhaa na bia, baibui ameikusanya, fimbo mkononi, anatuamrisha kama nahodha. "Maji kwanza! Nimesema maji kwanza, barafu baadaye! Chumvi, usimwage mahali pamoja, izungushe! Wewe baba wa suti, koroga!"

Baba wa suti alikuwa Tesha. Alivua koti, akakunja mikono ya shati jeupe, akaingiza mikono kwenye pipa la maji ya chumvi mpaka kwenye viwiko, akakoroga huku meno yanagongana. Alikoroga pipa moja akahamia lingine. Nikamwona amesimama katikati ya mvuke wa barafu, tai amejitupia begani, na nikamsamehe lile neno la kuliwa.

Vigelegele vikasikika getini. Wakwe. Nikachomoa chupa ya kwanza, ikatoka na jasho baridi limeizunguka yote. Bi Somoe akaigusa kwa ncha ya kidole, haraka, akakifuta kidole kwenye kanga, akasema, "Peleka."

Wahudumu wakaingia ukumbini. "Baba, unatumia gani? Ya moto, ya baridi?" Nikawa nachungulia pazia. Mmoja wa njano, akapata. Mmoja wa kijani, ya moto, akapata. Upande wa pili wa meza kuu alikaa babu wa bwana harusi, mzee mwembamba wa Machame, kofia ya pama, uso wa kutafuta kosa. Akamwita mhudumu kwa kidole.

"Mimi natumia ile ya lebo ya zamani. Ya moto. Najua hamna."

Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Massawe, Mungu ambariki, alikuwa ameleta kreti nzima. Mhudumu akarudi nayo kwenye sinia, imefutwa vumbi. Yule babu akaigeuza chupa, akaisoma lebo, akamtazama jirani yake, akanywa. Vinywaji havikuisha siku ile. Hata soda haikuisha. Na zilizobaki zilirudi Jumatatu na vizibo vyake, kila moja kwa mwenyewe.

Lakini bado kulikuwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Kwetu sherehe haifunguki kwa bia za dukani, inafunguka kwa mbege, na anayetoa pombe ndiye anayeonja kwanza mbele ya wageni, waone ni salama na imetolewa kwa moyo safi. Ni kazi ya baba wa nyumba. Wote tulijua itakuwa ya Tesha, ndiyo desturi, na nilijua alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu kaka yake azikwe.

Mshereheshaji akamwita. Tesha akatokea huku nyuma tulipokuwa, mikono ya shati bado imelowa, akachukua kata ya mbege iliyojaa mpaka ukingoni. Akatembea nayo polepole katikati ya ukumbi. Akaipita nafasi yake. Akaenda mpaka alipokaa Mama Neema, akapiga goti moja, akamwinulia kata kwa mikono miwili.

"Shemeji," akasema, na ijapokuwa nimesema ana sauti kubwa, siku hiyo aliisema kwa sauti ndogo lakini ukumbi wote uliisikia, "mwenye nyumba aonje."

Mama Neema alitazama kata. Alimtazama binti yake aliyekaa na shela yake. Kisha akaipokea, akanywa funda, akafuta mdomo kwa kiganja kama wazee wanavyofanya, akasimama na kuipeleka mwenyewe kwa yule babu wa Machame. Babu akavua pama. Akanywa, akanywa tena, akawageukia watu wake.

"Tunywe," akasema. "Nyumba hii ina mwenyewe."

Niliitupa ndoo ya chumvi chini, wanangu, nikapiga kigelegele ambacho Bi Somoe anaapa kilisikika mpaka Buguruni.